Chupa Kutoka Bagamoyo

Kipalapala, Tabora
14 Septemba 2024

Mdogo wangu Apolinaria,

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Barua yako ya tarehe 21 Julai ilinifikia mwanzoni mwa Agosti, na mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka thelathini na minane kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja hana udhuru. Kwa hiyo sitautafuta. Nimechelewa.

Marahaba kwa shikamoo yako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huanza kulalamika kabla sijafika kanisani. Mahindi nimekwisha kuyapukuchua. Karanga zilikuwa chache. Kaburi la Mama Advera nimelipalilia, na maua uliyoyapanda Pasaka yameshika vizuri. Binti yangu Advera bado ananihimiza nitumie simu aliyonipa. Naitumia kwa ugonjwa na msiba. Mambo mengine napenda kuyaona yameandikwa, ili mtu asije akakana alichokisema.

Chupa imefika. Hardik alinikabidhi dukani kwake siku gari lake la bidhaa liliporudi kutoka Igunga na Ziba. Aliigeuza mkononi akauliza kama dada yangu amesikia kwamba Tabora hakuna maji. Wateja wakacheka. Nilimjibu kwamba ni maji ya bahari na ni mambo ya familia, nikaondoka bila kununua sukari niliyoifuata.

Unaijua desturi ya nyumba yetu, lakini nitaiandika hapa ili wajukuu wasije wakaikosea. Babu wa baba yetu alibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na vitu viwili: kibuyu cha maji ya bahari, na kibangwa, yaani kile kipande cheupe cha kombe kinachovaliwa shingoni. Watu wote wa uani walichovya kidole katika yale maji wakaonja. Tangu hapo, yeyote wa nyumba yetu anayefika baharini sharti arudi na maji, yaonjwe, kisha avishwe kibangwa na kukitunza mpaka atakaporudi mwingine. Baba yetu hakujaliwa kufika. Mimi nilivishwa mwaka 1971, nikiwa mwanafunzi wa ualimu. Kinaning'inia hapa ukutani, juu ya meza ninayoandikia.

Umeandika kwamba umeniletea maji "kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa". Nashukuru. Hata hivyo, huoni kwamba kibangwa hakijapata kuvishwa mwanamke? Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema hakijapata.

Picha nazo zimefika, kumi na moja. Nimezipitia mara moja tu. Katika ya tatu umevaa kofia ya Advera, haikukai. Katika ya saba umeketi kwenye kiti cha kitambaa na wajukuu wangu wamekufukia miguu kwa mchanga mpaka magotini, nawe unacheka umefumba macho. Nyuma yako, upande wa kulia, kuna kiti kingine kitupu. Sikuelewa kwa nini kilikodiwa kiti ambacho hakina mtu.

Sina kinyongo. Mtoto niliyemsomesha mimi ameichukua familia yake likizo ya wiki nzima, akaona ni vema kumchukua shangazi yake. Alinieleza kwenye simu kwamba mimi nilikwisha kufika na kwamba joto la pwani linanidhuru. Ni kweli nimesema hivyo, tena mara nyingi. Martha naye, na miaka yake tisa, alimpokonya mama yake simu akaniambia, "Babu, bahari yako ni ya zamani, imeshachakaa. Ya bibi ndiyo mpya." Nilimwambia kwamba bahari haichakai. Akasema nimeona wivu. Watoto wa siku hizi wanataniana na babu zao bila kuvuta pumzi.

Wasalimie jirani zako wa Ziba, ambao nasikia wanakuja kila jioni kusimuliwa.

Kaka yako,
Dionis


Ziba, Igunga
6 Oktoba 2024

Kaka yangu Dionis,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Nilidhani goti limeshuka mpaka kwenye mkono.

Huku hatujambo. Dengu tumevuna, si haba. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike, na maziwa yapo. Bwawa limekauka hadi katikati, tunapeleka mifugo mbali. Kifua changu kilichonisumbua mwaka jana kimetulia, na majirani wanasema ni upepo wa pwani. Mimi sijui. Ndiyo, wanakuja jioni. Hawajamwona mtu wa rika langu aliyerudi kutoka likizo.

Kuhusu likizo yenyewe, usimlaumu Advera. Siku ya kwanza tu alisema, "Baba angekuwepo angetuonesha." Kile kiti kitupu katika picha alikikodi yeye. Aliyekodisha alipotaka kukichukua, Advera alimwambia akiache.

Nitakueleza kidogo, maana hujaniuliza lolote. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na mimi nilipewa chenye dirisha la upande wa bahari. Sikulala vizuri usiku wa kwanza. Ule mvumo haunyamazi, nami nilingoja unyamaze. Chakula chao kina nazi katika kila kitu, hata maharage. Nilikula kamba. Pweza nilimwona sokoni, nikaomba nisihusishwe. Asubuhi ya kwanza niliingia majini hadi magotini nikiwa nimefunga kitenge juu, wajukuu wamenishika huku na huku, nikalia. Sijui nililia nini. Martha alisema bibi anaiongeza bahari.

Sasa kuna jambo lilinitatiza, nami nataka unifafanulie kwa kuwa wewe ulitangulia. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita nimekusikia ukisimulia kwamba uliketi kwenye jiwe kubwa chini ya kanisa, tangu misa ya asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kwamba muda wote huo maji yalikugusa nyayo, hayakusogea wala kupungua. Ulikuwa ukisema hivyo: hayakusogea wala kupungua. Nililipenda sana jiwe hilo. Siku ya pili nilimwomba Advera tukalitafute.

Kaka, tulipofika saa nne, bahari haikuwepo. Ilikuwa imeondoka. Palibaki mchanga mtupu na tope mpaka mbali, na wanawake wameinama wanachimbua makombe ya baharini pale ambapo jana yake nilirowa. Niliogopa, nikadhani kuna jambo limetokea. Mwenyeji mmoja akanicheka, akasema huwa inakwenda na kurudi kila siku, tangu iumbwe. Na kweli, jioni ilirudi yote.

Mbona hukutuambia kwamba bahari huondoka? Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote niliyoyaona. Mimi nikirudi hata kutoka gulioni ningeanza na hilo.

Maji umeonja? Hujasema.

Mdogo wako,
Apolinaria


Kipalapala, Tabora
20 Oktoba 2024

Apolinaria,

Marahaba. Barua yako imefika, nami naijibu kwa wakati. Afya ni ileile. Mvua bado.

Jambo unalolielezea linaitwa kupwa na kujaa kwa maji. Husababishwa na mvutano wa mwezi na jua. Nimelifundisha darasa la sita kwa miaka mingi, na ungeuliza ningekueleza. Mtu anayesimulia hawajibiki kutaja kila kitu alichokiona. Kuhusu jiwe, miaka hamsini na mitatu imepita, na pwani hubadilika.

Chupa ipo kwenye rafu. Sijaifungua kwa sababu desturi hutaka watu wa nyumba wawepo, na hapa nyumbani nipo peke yangu.

Nimearifiwa na Silasi, yule fundi baiskeli anayekuja Tabora kununua vipuri, kwamba huko Ziba unaitwa Mama Bahari, na kwamba umewaambia watu kibangwa kitahamia kwako Krismasi. Sitaki kuamini kwamba umesema hivyo. Kama umesema, ulipaswa kuniandikia mimi kwanza. Ninyi mmekaa wiki moja mnaogelea, mnapigana picha, mnakula kamba. Babu wa baba yetu alikwenda kwa miguu miezi mitatu, mzigo begani, na wengine aliofuatana nao hawakurudi. Hivyo vitu viwili havilingani, na chupa ya plastiki haiwezi kuvilinganisha.

Hata mimi nilikwenda kwa garimoshi la daraja la tatu, si kwa gari lenye kipoza hewa.

Advera amepiga simu. Wanataka kwenda tena Bagamoyo baada ya Krismasi, tarehe 27 Desemba, na safari hii wanataka twende sote, wewe na mimi. Anasema joto nitalivumilia, atanikalisha kivulini. Kisha akasema, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Baba, safari hii hatutaki mtembezaji. Wewe ndiye utakayetuonesha uliposimama, na mlipolala, na lile jiwe. Watoto wamenunua daftari wataandika."

Nimemwambia kifua hakiniruhusu. Akaniuliza tangu lini nina kifua, kwa maana mwenye kifua ni wewe. Nimemwambia nitafikiri.

Sijui ni nani aliyempa wazo hilo la daftari. Kama ni wewe, ungelifikiria kwanza.

Dionis


Ziba, Igunga
17 Novemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Safari hii mimi ndiye niliyechelewa. Mvua imeanza, barabara imeharibika, na gari la Hardik halikuja kwa majuma mawili. Hata lingekuja, sikuwa nimejua niandike nini. Nimeanza barua hii mara tatu.

Ndama hajambo. Tumepanda mtama upande wa juu. Ng'washi, binti wa jirani yangu, ameolewa, na tulicheza mpaka nikasahau umri.

Ni kweli nilisema kuhusu kibangwa. Walikuwa wamenichokoza, nami nikajibu kwa majivuno. Samahani kwa hilo. Jina la Mama Bahari sikujiita mwenyewe, ila sikulikataa.

Daftari ni wazo la Martha. Mimi nilijaribu kulizuia, Advera atakueleza. Nilimwambia wasikuchoshe na maswali. Sasa nitakueleza kwa nini, na utanisamehe, maana najua hupendi mtu akuingilie.

Mama alijua.

Ulipoingia uani mwaka ule na chupa yako ya soda, Baba alikuwa ameshatandika ngozi na kuwaita wazee. Tulionja mmoja mmoja. Baba alilia. Alisema, "Leo nimeonja alichokionja babu," akakuvisha kwa mikono yake. Mama alichovya kidole, akalamba, akainamisha uso. Baadaye tulipokuwa tunaosha vyungu aliniambia, "Hii ni chumvi ya Uvinza. Nimeipikia tangu niolewe, siwezi kuikosea." Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akasema, "Mwangalie baba yako." Basi. Hakulitaja tena mpaka tulipomzika.

Mimi sikuwa na uhakika. Nilidhani huenda chumvi yote ni moja. Mwaka huu, Julai, nilipokuwa nimesimama majini, nilichovya kidole kama tulivyofundishwa. Kaka, si chumvi tu. Kuna uchungu nyuma yake, unabaki kwenye koo. Yale ya uani hayakuwa na uchungu. Ndipo nilipojua, na ndipo nilipolia. Martha alidhani ni furaha.

Kwa hiyo swali langu la bahari kuondoka halikuwa swali. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe. Haikuwa haki kukutega, nami naona aibu.

Niseme na la kwangu, ili tusiwe na mmoja tu wa kuona aibu. Ulipovishwa kibangwa nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeachishwa shule ili ada ikutoshe wewe. Nilikuonea wivu mpaka nikaugua tumbo. Nimekuonea wivu miaka yote, kila uliposimulia lile jiwe. Na nilipoketi kwenye kile kiti wajukuu wakinifukia miguu, nikakiona kiti kitupu cha pembeni, nilifurahi kwamba hukuwepo. Katika picha ya saba, nilikuwa nacheka kwa sababu hiyo. Sasa unajua.

Sijamwambia Advera na sitamwambia. Ukija ukamwonesha jiwe lolote, nitasema ndilo. Ukikaa nyumbani, nitasema ni kifua. Lakini kifua ni changu, na hawezi kuamini mara mbili.

Mdogo wako,
Apolinaria


Kipalapala, Tabora
1 Desemba 2024, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mdogo wangu Apolinaria,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nilipewa na Hardik siku ya Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama dukani, kisha nikaketi juu ya gunia la mchele bila kuombwa. Alinipa maji ya kunywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutania.

Mvua imenyesha vizuri. Mahindi yameota. Goti halijabadilika. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nitaandika jambo hili mara moja, kwa mpangilio, kisha sitalirudia.

Tulikuwa wanafunzi ishirini na wawili. Tulipanda garimoshi hapa Tabora siku ya Jumatatu. Malaria ilinishika tulipopita Dodoma, na Morogoro walinishusha kwa machela. Nililala pale siku tisa. Wenzangu walikwenda Bagamoyo, waliporudi wakanichukua. Njiani niliwauliza yote: kanisa, minazi, mawe, rangi ya maji. Walinijibu kwa subira, kwa kuwa nilikuwa mgonjwa. Hakuna aliyetaja kwamba maji huondoka, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Bahari niliyoisimulia ni bwawa la Igombe, nililolikuza. Maji ya Igombe hukaa mahali pake.

Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Nilipofika stesheni ya Tabora, ndugu zetu wawili walikuwa wametumwa kunipokea, na wakaniambia wazee wameshaitwa. Nilinunua chumvi sokoni, chupa nikaiokota. Nilisema moyoni kwamba nitamweleza Baba siku itakayofuata. Siku iliyofuata alinitambulisha kanisani. Nawe unajua yaliyobaki, na nimejua sasa kwamba Mama alijua, na kwamba miaka yote aliyonipakulia chakula alikuwa anajua. Hilo ndilo lililonikalisha juu ya gunia.

Umesema uliachishwa shule ili ada initoshe mimi. Hujalisema hilo kabla, na mimi sijapata kuliuliza. Nimefundisha watoto wa watu wengine. Sina sentensi inayotosha hapa, kwa hiyo sitaiandika iliyo pungufu.

Niliandika mwezi wa Septemba kwamba nimezipitia picha zako mara moja. Si kweli. Ya saba ipo mbele yangu tangu Agosti, nimeiegemeza kwenye taa. Nilikuonea wivu wewe kwa ajili ya mchanga juu ya magoti, nikamwonea wivu Advera kwa kuweza kumpeleka mtu, na nikamwonea wivu hata yule aliyekodisha viti, kwa kuwa anaiona kila siku na hajali. Nina miaka sabini na mitatu. Nilidhani mtu akifika umri huu hisia hiyo huwa imekwisha kustaafu.

Jana asubuhi niliifungua chupa. Nilisema desturi hutaka watu wa nyumba wawepo, kwa hiyo niliiweka picha yako upande mmoja wa meza na ya Mama Advera upande wa pili. Nikachovya kidole. Ni kama ulivyosema, kuna uchungu unaokuja nyuma ya chumvi na kukaa kooni. Sikuwa nimeuweka katika ile ya kwangu kwa sababu hakuna aliyeniambia, na haupatikani sokoni. Nilionja mara ya pili. Kisha nikaifunga chupa, maana watakaokuja Krismasi nao wataonja.

Kibangwa nimekishusha ukutani. Pale kilipokuwa pamebaki duara jeupe, kuta zinazeeka kuzunguka kitu. Nilikifunga katika leso nikakiweka ndani ya bahasha hii, kisha nikakitoa. Sitasingizia kwamba barabara ni mbaya au kwamba Hardik atakipoteza. Nimekitoa kwa sababu bado siwezi. Ni chako. Naandika hivyo hapa, kwa mkono wangu, ili nisije nikakana. Ila mkono huohuo haujafika mahali pa kukiachia.

Limebaki swali la Advera. Nikienda tarehe 27 nikamwonesha jiwe lolote, Martha ataliandika katika daftari lake, na uongo wangu utakuwa na mwandiko wa mtoto. Nikibaki, kitakodiwa kiti kingine kitupu. Njia ya tatu ni kumwambia kabla ya safari kwamba baba yake hajapata kuiona bahari, na kwamba yeye, aliyekua akisimuliwa kwenye magoti yangu, ndiye atakayenionesha. Nimejaribu kuiandika barua hiyo. Nimefika "Mwanangu Advera" na salamu.

Sijaamua. Usimwambie lolote na usininunulie tiketi. Suruali niliyoipeleka kwa fundi cherehani ikatwe mpaka chini ya goti ilikuwa imechakaa upindo, na haihusiani na jambo hili.

Ila nijibu swali moja, kwa kuwa wewe umetangulia. Uliandika kwamba maji yalirudi jioni. Je, hurudi jioni kila siku, au saa hubadilika? Vitabu vyangu vinataja kupwa na kujaa, havitaji saa. Kama mtu atakwenda umbali huo wote, angependa asiikute imeondoka.

Nikishaamua nitakuandikia, tena ndani ya juma moja.

Kaka yako,
Dionis